TULIVYOLETA PIKAPU KUUKUU MAFINGA KWA TELA LA KUKODI



Kununua gari kuukuu ni kazi moja. Kulifikisha nyumbani ni kazi nyingine. Wengi wetu hufikiri kwamba fedha zikishalipwa na mikono ikishapeanwa, mambo yamekwisha. Sivyo hata kidogo. Gari bovu lililo mbali na nyumbani ni mzigo. Mzigo una uzito, na uzito una hesabu zake. Asiyezijua hesabu hizo anaweza kupoteza gari, kupoteza fedha, na hata kupoteza mtu.

Leo tunaeleza jinsi tulivyoleta pikapu kuukuu kutoka Igurusi, Mkoa wa Mbeya, hadi hapa Mafinga, mwezi wa Julai mwaka 2023. Hatuelezi ili tujisifu. Tulifanya makosa mawili makubwa, na yote mawili tutayataja, ili wewe msomaji usiyarudie.

KWA NINI TULITAKA PIKAPU

Kikundi chetu kina watu saba. Tunaotesha miche ya mipaina na ya mikaratusi, ambayo huku kwetu wengi huiita milingoti. Sisi tunaoandika ni watu wa elimu ya watu wazima, lakini katika kikundi ni wanachama kama wengine. Yumo Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika Shamba la Miti la Sao Hill. Yumo Mama mtunza fedha, ambaye alijifunza kusoma na kuandika akiwa tayari ana watoto wanne. Waliobaki ni vijana.

Kwa miaka mitatu tulipeleka miche kwa wateja kwa baiskeli, kwa mkokoteni na kwa bodaboda. Miche mingi ilikatika njiani. Kwa hiyo kila mwezi tuliweka akiba kidogo kidogo, mpaka tukafikia uwezo wa kununua pikapu kuukuu.

Tulipata habari za Land Rover moja huko Igurusi. Mwenyewe alikuwa akibebea mpunga katika bonde la Usangu, kisha akaiacha bandani miaka tisa. Ilikuwa ile aina inayoitwa 109. Namba hiyo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma: inchi 109, yaani kama sentimeta 277. Toleo la tatu la magari hayo lilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na hiyo yetu ilikuwa ya toleo hilo.

Watu wengine watauliza: kwa nini gari la zamani hivyo? Sababu zipo. Magari haya yalionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Wakati huo chuma kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa bati la aluminiamu, ambalo halioti kutu kama chuma. Mafundi wetu wa vijijini wanaijua injini yake, na spea bado zinapatikana. Bado yanapendwa sana nchini. Oktoba mwaka 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha katika tamasha kubwa.

Lakini angalia: bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Chesisi inaoza. Kwa hiyo ukienda kununua usidanganywe na rangi. Lala chini, gongagonga chesisi kwa nyundo ndogo. Ikilia "ngi, ngi" ni nzima. Ikilia "pwa" imekwisha.

KADI NA CHUMA VISEME NENO MOJA

Tulipofika Igurusi, mwenye gari alitupokea vizuri. Tulimwamkia, tukapewa maji, tukaonyeshwa gari. Kijana wetu mmoja alitaka fedha zihesabiwe palepale. Mama mtunza fedha akasema, "Baba, tunaomba kwanza tuione kadi."

Kadi ikaletwa. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Katika Land Rover ya namna hii, namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, karibu na springi. Ilifunikwa na grisi na vumbi. Tukaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka ikaonekana. Mama akashika kadi, Mzee akapiga magoti karibu na gurudumu. Mmoja anasoma karatasi, mwingine anasoma chuma, tarakimu moja baada ya nyingine. Zote zikalingana. Ndipo tukaandika mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi, kila upande ukabaki na nakala.

Ndugu msomaji, usione aibu kufanya hivyo. Muuzaji mwema hakasiriki ukisoma kadi yake. Na usisahau kwamba mkataba peke yake haukufanyi mwenye gari. Lazima jina libadilishwe katika Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Bila hivyo gari ni la yule wa zamani, hata kama liko uwanjani kwako.

KAMBA AU TELA?

Kutoka Igurusi hadi Mafinga ni karibu kilometa 200. Pikapu yetu haikuweza kutembea. Breki zilikuwa hazina mafuta, na krosi ya propela shafti ya nyuma ilivunjika, hata mwenyewe alikuwa ameifungua shafti nzima na kuitupa nyuma kwenye bodi. Tuifikisheje nyumbani?

Suala hilo tulilijadili hapa Mafinga kabla ya safari, kwa sababu mwenye gari alikwisha tueleza hali yake kwa simu. Tulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuivuta kwa kamba nyuma ya gari la rafiki. Gharama yake ilikuwa shilingi 250,000. Njia ya pili ni kukodi tela la kubebea magari, pamoja na Land Cruiser ya kulivuta na dereva wake. Gharama yake shilingi 600,000. Tofauti ni shilingi 350,000. Kwa kikundi kama chetu hizo si fedha ndogo. Tunakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa upande wa kamba.

Mzee ndiye aliyetugeuza. Alisema, "Mwalimu, gari linalovutwa kwa kamba linahitaji dereva ndani yake, na dereva huyo anahitaji breki. Nani kati yetu atakaa ndani ya gari lisilo na breki kutoka Igurusi mpaka Mafinga?"

Kila mtu akanyamaza. Kamba inavuta tu, haisukumi wala haizuii. Gari la mbele likipunguza mwendo, la nyuma linakuja lote. Na barabara yenyewe ni ile kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, yenye malori makubwa ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Tukapiga kura. Tela likashinda kwa kura tano kwa mbili.

SOMA KIBATI, SOMA NA TAIRI

Kabla ya kuondoka Mafinga tulilikagua tela. Hapa ndipo kisomo kilipofanya kazi yake.

Kila tela zuri lina kibati kidogo cha chuma, mara nyingi karibu na shingo yake. Kibati hicho hueleza uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani tela pamoja na mzigo wake. Wengi hukipita bila kukitazama. Mama mtunza fedha alikifuta kwa khanga akasoma: kilo 2,700. Akaandika katika daftari. Kisha akamwuliza mwenye tela, "Tela tupu lina kilo ngapi?" Akajibiwa, kilo 700. Akaandika tena.

Halafu tukatazama tairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi moja iliandikwa 0811. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2011. Kwa hiyo ilikuwa na miaka 12. Kashata zake zilikuwa bado nzuri, lakini pembeni ilikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi. Mpira huzeeka hata usipotembea. Tukaikataa, na mwenye tela akaibadilisha bila maneno mengi.

Mambo mengine tuliyokagua ni haya:

1. Taa za breki na indiketa za tela. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame nyuma aangalie.

2. Breki za tela lenyewe. Tela la uzito huo lapaswa kuwa na breki zake. La kwetu lilikuwa la aina ile ambayo gari la mbele likipunguza mwendo, tela husukuma shingo yake mbele, na msukumo huo ndio unaofunga breki.

3. Nati za magurudumu, na tairi la akiba lenye upepo.

4. Minyororo miwili ya usalama chini ya shingo. Ipishane kama herufi X. Shingo ikichomoka, minyororo hiyo huidaka isipige lami.

5. Karatasi. Tela lina namba yake ya usajili na bima yake, mbali na za gari linalolivuta. Na dereva awe na leseni ya daraja linaloruhusu kuvuta tela.

Mwisho tuliandika makubaliano ya kukodi: tela limechukuliwa lini na saa ngapi, litarudishwa lini, lilikuwa katika hali gani, na nani atalipa pancha. Maneno ya mdomo husahaulika. Karatasi haisahau.

HESABU YA GUNIA ZA MCHELE

Sasa turudi Igurusi. Julai ni wakati wa mavuno, na mchele wa Usangu unajulikana. Yule mwenye gari, kwa ukarimu wake, akatuambia atatuuzia gunia nane za mchele kwa bei ya chini. "Mnakwenda na gari tupu? Jazeni humo nyuma," alisema.

Tulishangilia wote, isipokuwa Mama. Alifungua daftari akafanya hesabu hii:

Pikapu: kilo 1,500
Tela tupu: kilo 700
Vyuma vilivyofunguliwa: kilo 100
Gunia 8 za kilo 100: kilo 800
Jumla: kilo 3,100

Kibati kilisema 2,700. Tungezidisha kilo 400. Kijana mmoja akasema, "Lakini mama, ni mchele tu!" Mama akamjibu, "Ekseli haijui kama ni mchele au ni mawe."

Akapunguza gunia tano. Zikabaki tatu. Jumla ikawa kilo 2,600, pungufu ya kibati kwa kilo 100. Tukaridhika kabisa. Kumbe tulikuwa tumemaliza nusu tu ya hesabu, kama utakavyoona mbele.

KOSA LA KWANZA: BREKI YA MKONO

Kupakia gari kwenye tela kunataka mahali tambarare na pakavu. Tela lazima liwe limefungwa kwenye gari la kuvuta, la sivyo mzigo ukipanda kwa nyuma, shingo yake itainuka juu. Tuliyafanya hayo vizuri. Tukaweka ngazi za chuma, tukafunga waya wa winchi kwenye chesisi ya pikapu, tukaivuta polepole mpaka ikakaa juu.

Kijana wetu mmoja akapanda ndani, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. "Imeshika!" akasema. Basi tukafungua waya wa winchi ili tuanze kufunga mikanda.

Pikapu ikaanza kurudi nyuma.

Kwanza kidogo, kama mtu anayesita. Halafu ikashika kasi kwenye ngazi. Utingo wa ile Land Cruiser, kijana wa miaka 19, alikuwa amesimama nyuma kabisa ya tela akikunjua mkanda. Mzee akapiga kelele, "Toka! Toka nyuma!" Kijana akaruka pembeni. Pikapu ikateremka, ikapita mahali alipokuwa amesimama, ikagonga mwembe. Taa moja ya nyuma ikavunjika na bodi ikabonyea.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Yule kijana alikaa chini, akashika magoti yake, mikono ikitetemeka. Tulipomwuliza kama ameumia alitikisa kichwa tu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Mzee alitueleza. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu yenyewe. Katika Land Rover hizi za zamani haishiki magurudumu. Inashika pale nyuma ya giaboksi, mahali propela shafti inapotokea. Kutoka hapo shafti ndiyo inayopeleka nguvu ya kushika hadi magurudumu ya nyuma. Sasa shafti yetu ilikuwa imefunguliwa. Kijana alivuta breki, na kweli ilishika, lakini ilishika kitu ambacho hakikuungana na magurudumu. Hata kuweka gia kusingesaidia, kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee alilijua jambo hilo tangu zamani, alipokuwa Sao Hill. Sisi hatukumwuliza. Tulimwona mtu mzima, tukamwambia akae kivulini apumzike. Hilo ndilo kosa lenyewe, ndugu msomaji. Shafti ilikuwa imelala mbele ya macho yetu, na mtu anayejua maana yake alikuwa amekaa mita kumi kutoka kwetu.

Tukaanza upya. Safari hii tulifuata utaratibu huu, na wewe ufuate:

1. Waya wa winchi usifunguliwe mpaka mikanda yote iwe imekazwa.

2. Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

3. Mtu asisimame kamwe nyuma ya gari linalopakiwa, wala mbele ya waya uliokazwa.

4. Funga mikanda minne, kila pembe mmoja. Ifungwe kwenye ekseli au chesisi, isifungwe kwenye bampa wala bodi. Miwili ivute mbele, miwili ivute nyuma.

5. Ukishakwenda kilometa 10, simama ukaze tena. Mikanda hulegea mara gari linapoanza kuchezacheza.

KOSA LA PILI: MZIGO NYUMA

Tuliondoka Igurusi saa tano asubuhi. Kabla hatujaondoka, kijana mmoja aliona kwamba nyuma ya Land Cruiser imeinuka kidogo badala ya kushuka. Akasema, "Gari limechangamka!" Tukacheka. Tungejua, tusingecheka.

Tulipita Chimala salama. Baada ya hapo barabara ni ya tambarare, imenyooka, na dereva akaongeza mwendo. Mshale ulikaribia 80. Mara lori kubwa likatupita kutoka nyuma, na upepo wake ukasukuma tela pembeni. Tela likarudi, likapita katikati, likaenda upande wa pili. Likarudi tena kwa nguvu zaidi. Nyuma ya Land Cruiser nayo ikaanza kuvutwa huku na huku, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba hataki kwenda sokoni.

Mama akaanza kusali kwa sauti. Dereva wetu, Mungu ambariki, hakukanyaga breki kwa ghafla wala hakukata usukani. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani ukiwa umenyooka, akasubiri. Mwendo ukashuka mpaka 40. Tela likatulia. Tukasimama pembeni, tukashuka, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Kwa nini tela liliyumba wakati uzito ulikuwa chini ya kile kibati? Kwa sababu kibati kinasema mzigo uwe kiasi gani. Hakisemi ukae wapi.

Chukua mfano wa mtu aliyebeba mzigo kwa mti begani, mafungu mawili, moja mbele na moja nyuma. La nyuma likizidi, mti unainuka mbele na mtu anayumba. Tela ni hivyo hivyo. Ekseli zake ni bega. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, shingo huinuka na kuinua nyuma ya gari la kuvuta. Hapo magurudumu ya nyuma ya gari hilo hayakanyagi barabara sawasawa, na tela linakuwa ndilo linaloongoza.

Sisi tuliweka gunia tatu na vyuma vyote mwisho kabisa wa bodi ya pikapu. Tena pikapu yenyewe hatukuivuta mpaka mbele, kwa kuogopa isiguse winchi. Ile "kuchangamka" kwa gari ilikuwa onyo, nasi hatukulielewa.

Kanuni yake ni hii: karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo ikae juu ya shingo. Kama jumla ni kilo 2,300, basi shingo ikandamize kama kilo 230. Isiwe pungufu sana, wala isizidi kile ambacho gari la kuvuta linaruhusiwa kubeba pale nyuma. Unaweza kuipima. Igurusi wafanyabiashara wa mpunga wana mizani ya gunia kila kona. Tungeazima moja tu, tukaiweka chini ya shingo ya tela, tungejua kila kitu kabla ya safari.

Tulihamisha gunia zote tatu na kuzitia ndani ya Land Cruiser, chini, nyuma ya viti. Tela na mzigo vikabaki kilo 2,300. Vyuma tukavisogeza mbele. Tukalegeza mikanda, tukaivuta pikapu mbele kwa winchi kama futi moja hivi, tukakaza tena. Nyuma ya Land Cruiser ikashuka kidogo, jinsi inavyotakiwa. Tangu hapo hadi nyumbani tela halikuyumba tena.

MWENDO WA NYUMBANI

Kuanzia hapo tulikwenda mwendo wa 60, na vijijini 50 au chini yake. Kuna hesabu nyingine ambayo kila anayevuta mzigo aijue. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Gari linalohitaji mita 15 za kufunga breki likiwa na mwendo wa 40, linahitaji mita 60 likiwa na mwendo wa 80. Ongeza na mzigo wa tela unaosukuma kwa nyuma, utaona kwa nini haraka haifai.

Baada ya Igawa barabara inaanza kupanda kuelekea Makambako. Dereva alitumia gia ndogo, akawa anatazama mshale wa joto. Kila tulipopumzika tulipitisha mkono karibu na habu za tela. Habu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, ujue beringi inakufa au breki imeng'ang'ania. Zetu zilikuwa vuguvugu tu, zote sawa.

Makambako, mahali reli ya TAZARA inapokutana na barabara yetu, tulikula ugali na tukakaza mikanda kwa mara ya nne. Tulimlipia yule utingo chakula. Alikula kimya, kisha akamwambia Mzee, "Ahsante, babu." Mzee akamjibu, "Kula, mjukuu wangu. Bado kuna kushusha."

Tulipita Nyororo jua likiwa limeinama, tukaingia Mafinga kabla ya giza, na baridi ile ya Julai mnayoijua. Tulishusha kwa utaratibu ule ule wa kupakia, ila kinyume: winchi kwanza ikazwe, ndipo mikanda ifunguliwe.

FAIDA ILIKUWA IPI?

Kuna mwanachama mmoja aliyesema, "Shilingi 600,000 zimekwenda kwa siku moja." Ni kweli. Lakini tujiulize. Kama tela lenye minyororo, mikanda na breki zake lilitutia roho mkononi kwa makosa yetu wenyewe, je, kamba ingetufanyaje? Rahisi huwa ghali.

Pikapu ilipata krosi mpya, masta silinda mpya na mipira ya breki. Taa iliyovunjwa na mwembe tulinunua nyingine. Mvua zilipoanza, Desemba 2023, ilibeba miche yetu kwa mara ya kwanza, na haukukatika hata mmoja. Ile sehemu iliyobonyea hatujainyoosha. Mzee alisema iachwe ili tusisahau.

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza kisomo kina faida gani kwa mkulima, mwambie hivi: Mama mmoja alisoma kibati cha chuma, akakataa gunia tano za mchele wa bei ya chini. Halafu mwambie na hili la pili: kusoma peke yake hakutoshi. Palipokosekana karatasi ya kusoma, alikuwapo Mzee wa kuulizwa, nasi hatukuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tela lina kibati cha kilo 2,000. Tela tupu lina kilo 500. Mnataka kupakia gari la kilo 1,200 na gunia 4 za kilo 100. Je, inafaa? Kama haifai, mpunguze gunia ngapi?

2. Tairi imeandikwa 3216. Ilitengenezwa lini?

3. Kwa nini breki ya mkono ya pikapu ya Igurusi haikuzuia gari?

4. Katika kijiji au kikundi chenu, ni nani anayejua kazi fulani lakini haulizwi? Mtafanyaje ili aulizwe kabla ya ajali?